Chumvi ya Kutosha

Kwetu mwanamke hakula kuku. Alimfuga, alimkimbiza uani mpaka akamkamata, alimnyonyoa, akampika, akampakua, kisha akaosha sufuria. Kula tu ndiko hakukuwemo. Nilipokuwa mdogo niliuliza sababu, na kila niliyemuuliza alinipa ya kwake. Shangazi alisema mwanamke akila kuku atakuwa wa kuzurura boma hadi boma akiparura taka za watu. Jirani yetu alisema hatazaa vizuri. Baba alisema hayo ni mambo ya kale yasiyo na maana, na aliyasema huku akitafuna firigisi, ambayo kwetu ni ya mwenye nyumba. Nyanya yangu, mama yake baba, ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Yeye hakunipa sababu yoyote. Alisema tu, "Sisi hatukulangi," akaendelea na kazi yake.

Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kueleza. Nikiwaambia vijana wa leo kwamba mtihani ulionipotezea chuo ulikuwa wa upishi, hucheka. Wanadhani nilikuwa mvivu jikoni. Sikuwa mvivu. Nimepika tangu kimo changu kikiwa sawa na cha mtungi.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya Uhuru. Bendera mpya ilikuwa bado inapendeza macho, na Wazungu wa Kakamega walikuwa wakifunga masanduku mmoja baada ya mwingine. Baba alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali mjini. Alimwona bosi wake akiondoka na Mwafrika akikaa kwenye kiti kile kile, na tangu siku hiyo akaamini kila mtoto wa nchi hii ana kiti chake kinachomngoja. Changu alikijua. Mwalimu wetu wa upishi, mke wa bwana mmoja wa kilimo, alikuwa ametuambia angerudi kwao mwisho wa mwaka, na nchi haikuwa na walimu wa upishi wa kutosha. Kulikuwa na chuo upande wa Nairobi kilichowafunza, na chuo hicho kilitaka jambo moja kuliko yote: krediti ya upishi katika cheti cha Fomu ya Nne.

Baba hakuweza kuificha habari hiyo. Aliitangaza sokoni Iguhu, aliitangaza kanisani, na hata kwenye matanga ya watu ambao hatukuwafahamu vizuri. Alisema binti yake atachukua nafasi ya memsahibu. Nilikuwa nikimkasirikia, lakini ukweli ni kwamba nami nilikitaka kiti kile, pengine kumshinda yeye. Nilitaka nyumba ya mwalimu yenye mlango unaofungwa kwa ufunguo, na mshahara wenye jina langu. Nilitaka kuwa mtu anayeulizwa maoni yake. Sikuwa na njia nyingine ya kuyapata hayo, na nilijua sina.

Mtihani wenyewe ulitungwa Uingereza na kusahihishwa huko huko. Tulijiandaa kama walivyojiandaa wenzetu wote: kwa kukariri. Nilikariri wafalme waliokatana vichwa, nikakariri ngano ya Kanada na namna barafu inavyofunga bandari zao. Barafu sikuwahi kuiona, lakini niliweza kuiandikia kurasa mbili bila kupumua. Kitu usichokijua unaweza kukikariri, na watu wakadhani unakijua. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yetu, na mimi nilikuwa hodari nayo.

Upishi ulikuwa na karatasi ya kuandika na mtihani wa vitendo. Karatasi haikunisumbua. Katika vitendo ndimo mlimokuwa na kuku.

Mwalimu wetu alikuwa mwanamke mrefu, aproni yake haikuwahi kuwa na doa. Alitufundisha kuonja. Vijiko viwili, kimoja cha kuchota sufuriani, kingine cha kutia mdomoni, na visigusane. Alisema asiyeonja hapiki, anabahatisha, na kwamba siku ya mtihani atakuja mtahini kutoka mbali, ataangalia kama tunaonja, na kuna alama za hilo. Nilikitazama kitabu chake kwa matumaini, maana kitabu kile kilipima kila kitu. Unga kwa aunsi, siagi kwa aunsi, hata mchanganyiko wa viungo kwa nusu ya kijiko. Kilipofika kwenye chumvi kikanitupa mkono. Chumvi, kilisema, ya kutosha. Nilikuwa nikikifunga kwa hasira. Ya kutosha kwa nani?

Aliyeniokoa kwa muda alikuwa rafiki yangu kutoka Mumias. Kwao ni Waislamu, na kuku kwao ni chakula cha mama, baba na mtoto, na siku ya Idi humaliza banda zima. Tulipika meza moja. Aliona mapema kwamba kila nikifika kwenye kuonja nainua kijiko, nakipitisha karibu na midomo, kisha nakiweka chini. Aliniuliza, nikamweleza, na hakucheka. Tangu siku hiyo mwalimu akigeuka ubaoni yeye ndiye aliyeonja mchuzi wangu. Kisha alifuta meza. Akivuta kitambaa kuelekea kwake, niongeze chumvi. Akikisukuma mbele, imetosha. Mwalimu alimsifu mbele ya darasa zima kwa usafi, na sisi tukainamisha vichwa tusije tukaangua kicheko.

Lakini alikuwa na akili kuliko mimi, na hakuridhika. Muhula wa pili ulipofika katikati alinivuta kando.

"Wallahi, ulimi nitakuazima," aliniambia, "lakini hiyo siku yenyewe wakitutenga, utafanya aje?"

Alikuwa na mpango. Aliporudi kutoka kwao baada ya mapumziko mafupi alileta paja la kuku wa kukaanga, limefungwa kwa jani la mgomba. Tulikwenda nyuma ya chumba cha kufulia. Nataka nieleweke hapa. Mimi wakati huo sikuamini lolote kuhusu kuzurura na kuparura. Nilikuwa nimesoma baiolojia, nilikuwa nimebatizwa, nilijua kuku ni nyama. Nikauma. Nikatafuna. Koo likafunga. Sikuliambia lifunge. Nililiomba, kwa kweli, nikiwa nimefumba macho na machozi yakinitoka, na rafiki yangu akinisugua mgongo na kusema pole pole. Nyama ilikaa mdomoni mpaka ikawa si kitu cha kuliwa tena, na mwishowe nikaitema majanini. Mwili wangu mwenyewe ulikuwa umenikatalia, na sikujua nimpelekee nani malalamiko hayo.

Nilijaribu kumpelekea mwalimu. Alinisikiliza kwa upole, kisha akasema kuku ana virutubisho vingi sana, na kwamba wasichana wa nchi mpya inabidi waache woga wa zamani. Akasema nijaribu tu kidogo. Kila alichosema kilikuwa kweli, na hakikunisaidia hata chembe. Nilimshukuru nikatoka.

Basi ikabaki likizo ya Agosti. Katika basi la kwenda nyumbani nilikuwa nimejaa tumaini, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka jambo ambalo sikuelewa nililisahauje. Nyanya yangu alikuwa amepika kuku maisha yake yote bila kuonja. Alipikia mume wake, wakwe zake, wanawe, wazee wa kanisa, na hata padri mmoja kutoka Mukumu aliyekuja kumzika babu. Watu walikula mpaka mifupa ikalia. Kwa hiyo alikuwa na njia. Labda ni harufu, labda ni povu, labda ni jinsi mafuta yanavyokaa juu. Njia hiyo nitaikariri, nikajiambia, kama nilivyokariri barafu.

Nilimngojea siku akipika. Baba alikuwa na mgeni, kwa hiyo jogoo mmoja alikuwa ametolewa. Nyanya aliketi kwenye kigoda chake, moshi unamzunguka, akachukua chumvi kwa vidole, akarusha sufuriani bila hata kutazama. Nikapiga magoti karibu naye.

"Kukhu," nikamwita, maana ndivyo tunavyowaita nyanya zetu, "unajuanga aje kama chumvi imetosha?"

Alifikiri nauliza mchezo. Nikamweleza habari za mtihani, chuo, na kiti cha memsahibu. Nikamwomba anifundishe namna yake. Akaacha kukoroga. Alinitazama kwa muda mrefu, na nikaona uso wake ukiwa na kitu nisichokizoea, kitu karibu na aibu.

"Mimi sijui," alisema.

Nikasema haiwezekani, amepika miaka yote hii.

"Nimepika. Nilitianga tu vile mama yake mume wangu alitianga. Naye sijui kama alijua. Wanapelekewa, wanakula, wananyamaza. Mimi nikasema, kama wamenyamaza, labda iko sawa." Akarudisha mwiko sufuriani. "Hakuna mtu aliniambianga."

Nilikuwa nimekuja kuchukua siri, na siri haikuwepo. Mwanamke huyu aliyenilea alikuwa amepika chakula kilichosifiwa kijiji kizima, na yeye mwenyewe hakuwa amewahi kusikia sifa hata moja, kwa sababu sifa zilisemwa kwenye nyumba kubwa walikolia wanaume, zikapewa baba mwenye kuku. Nilimwonea huruma. Kisha, kwa ubinafsi wa umri ule, nikajionea huruma mimi zaidi, kwa sababu muhula wa tatu ulikuwa unakuja.

Nilirudi shuleni nikiwa na mpango wa kukata tamaa. Rafiki yangu nami tukaamua kugeuza ulimi wake kuwa kipimo. Kila tulipopika kuku wa mazoezi, nilitia chumvi kwa kijiko cha chai, yeye akaonja, tukaandika. Mwishoni tulikubaliana: kwa kuku mmoja wa kadiri na mchuzi wake, kijiko kimoja kilichojaa na kingine nusu. Nilikikariri kipimo hicho pamoja na wafalme. Nikiwa kitandani nilikisema, nikiwa kanisani nilikisema. Kilikuwa kitu changu cha pekee cha kushikilia.

Siku ya kuchagua kazi, tulipanga mstari tukaokota karatasi zilizokunjwa kutoka kwenye bakuli la mwalimu. Rafiki yangu aliokota samaki. Wa nyuma yake aliokota maharagwe na nyama ya kusaga. Mimi nilikunjua yangu polepole, ingawa nilishajua. Chakula cha mchana cha familia: kuku wa mchuzi, wali, mboga ya kijani, na pudini ya ndizi. Rafiki yangu alinyoosha mkono tubadilishane, lakini mwalimu alikuwa tayari anaandika namba zetu za mtihani mbele ya kila kazi. Kisha akasoma makundi. Rafiki yangu asubuhi, mimi mchana. Alinitazama kutoka upande wa pili wa chumba akiwa ameshika kitambaa cha meza, na hakukivuta wala hakukisukuma.

Mchana ule ulikuwa wa mvua, kama michana yote ya Kakamega msimu huo. Ilinguruma juu ya mabati hata hatukusikia maagizo vizuri. Mtahini alikuwa mwanamke wa makamo, Mzungu, mwenye ubao mdogo wa kuandikia kifuani. Hakuwa mkali. Angekuwa mkali ningekuwa na wa kumchukia. Alitembea kati ya meza bila kusema neno, akiangalia kucha zetu, moto wetu, maganda tuliyotupa. Kuku wangu alikuwa wa kadiri. Nilimkata vizuri, nikakaanga vitunguu, nikamtia, nikafunika. Mikono yangu ilijua kazi yake na kwa muda nikasahau kuogopa.

Kisha nikafungua mkebe wa chumvi.

Siku zote tulikuwa tumepika kwa chumvi ya dukani, ile ya mawe-mawe, ya kijivu, inayouzwa kwa kupimwa kwenye karatasi. Mwalimu, kwa heshima ya mgeni, alikuwa ameweka kwenye kila meza chumvi ya kopo, nyeupe, laini kuliko unga. Nia yake ilikuwa njema. Nilisimama na kijiko hewani. Hata mtoto anajua kijiko cha changarawe na kijiko cha mchanga havibebi sawa. Kipimo changu, ambacho nilikisema kitandani na kanisani, kilikuwa cha chumvi nyingine. Nikitia chote, labda itazidi. Nikipunguza, nipunguze kiasi gani? Niligeuka kutafuta kitambaa kinachofuta meza, na kwenye meza ya pembeni yangu alikuwepo msichana mwingine kabisa, anamenya karoti, hata hakunitazama.

Nikatia kijiko kimoja. Nikangoja. Nikatia kidogo tena, kwa vidole, nikirusha bila kutazama, na nikatambua mkono ule ulikuwa wa nani.

Mtahini akafika mezani kwangu. Akasimama. Kalamu yake ilikuwa tayari, na nilijua anangoja nini. Nikachukua kijiko cha kwanza, nikachota mchuzi, nikamimina kwenye cha pili kama tulivyofundishwa, visigusane. Nikakiinua. Hapo ndipo nilipozoea kukirudisha. Lakini yeye alikuwa ananitazama mdomo, na nyuma yake nilimwona baba akitangaza sokoni, na chuo, na mlango wa ufunguo. Nikatia mchuzi mdomoni.

Watu hudhani hapo hadithi inageuka. Msichana anavunja mwiko, anaonja, anajua. Mimi nilivunja mwiko na sikujua kitu. Koo lilifunga, masikio yakazibwa, na mdomo mzima ukawa unasikia mchuzi wa moto na woga basi. Ulikuwa na chumvi au haukuwa nayo, mpaka leo siwezi kukuambia. Niliufungia mdomoni, nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika. Mtahini akaandika. Alipogeukia meza nyingine nikainama kwenye karai la maji machafu nikautema, na mvua ikanifichia sauti.

Mwishoni tulipanga sahani zetu. Alipita na kijiko chake. Kwangu alichukua kidogo cha wali, kidogo cha kuku, akatafuna taratibu. Sikuwahi kuutazama uso wa mtu namna ile. Nilitafuta nyusi, nilitafuta pembe za midomo, nilitafuta hata kama atameza haraka. Hakukunja uso wala hakutabasamu. Alimeza, akaandika, akaenda kwa anayefuata.

Matokeo yalitoka mwaka uliofuata. Nilifaulu. Historia krediti, jiografia krediti, baiolojia krediti. Upishi, pasi. Pasi ni kufaulu, na mtu yeyote angekuambia hivyo, isipokuwa chuo kile upande wa Nairobi. Kwenye cheti hakukuwa na mahali palipoelezwa sababu. Huenda ilikuwa wali. Huenda ilikuwa pudini, au karai langu, au alikuwa amegeuka wakati nilipoinama. Hawaandiki hayo. Wanaandika namba tu. Baba aliisoma, akaigeuza upande wa nyuma kuona kama kuna maneno zaidi, akairudisha kwenye bahasha.

Tatizo ni kwamba alikuwa amekwisha kualika watu. Siku ya Jumamosi walikuja, wazee wa kanisa na wenzake wa ofisini, na yeye akawaambia binti yake amefaulu, jambo ambalo lilikuwa kweli, na wakampa mkono. Kuku wawili walichinjwa. Nyanya nami tulipika. Nilisonga obusuma, ugali wetu, yeye akashughulika na sufuria, na alipofika kwenye chumvi alirusha kwa vidole, akanitazama, akarusha tena kidogo. Nilibeba chakula mpaka nyumba kubwa, firigisi juu ya sahani ya baba, nikawanawisha wageni mikono, nikarudi jikoni nikaketi chini karibu na kigoda chake.

Alisukuma kuni ndani ya moto. Sikuwa nimemweleza habari za chuo, lakini alinijua. Mwishowe aliuliza lile moja tu ambalo hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza.

"Yule mama wa mtihani. Alisema chumvi ilikuwa aje?"

"Hakusema, kukhu."

Akatikisa kichwa polepole. Akautia mkono wake kwenye mkono wangu, bado una unga na majivu.

"Hata wewe," alisema.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na nyumba kubwa haikuwa mbali. Bila kukubaliana, wote wawili tukanyamaza kusikiliza. Tuliwasikia wakila. Waliongea habari za mashamba ya Wazungu yanayogawanywa kule Matete, bei ya mahindi, na nani atapata cheo gani. Mmoja akaomba maji. Mwingine akamsifu baba kwa kuku wanono. Tuliendelea kusikiliza mpaka tukasikia vyombo vikikusanywa, na kuhusu chumvi hakuna aliyesema neno.